Ofisi ya kliaringi Nakawa, Malaba na Elegu: tuchague mfumo gani wa simu za intaneti?

Mzigo_Nakawa

Habari za jioni wakuu.

Naomba mawazo ya waliokwisha kupita njia hii. Nasimamia ofisi ya kliaringi na fowadingi. Makao yetu ni Nakawa hapa Kampala, tuna vijana wanne Malaba, mpaka wa Kenya, na wawili Elegu, mpaka wa Sudan Kusini, jumla tuko kumi na watano. Tangu tuanze tumetumia simu za mkononi tu, kila mtu na laini yake, na namba za watu watatu ndizo tumechapisha kwenye stakabadhi na kwenye milango ya magari.

Mambo mawili yamenifanya niseme basi. Mwezi Machi kijana wetu wa kupokea wateja alipata kazi kwingine akaaga. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa, kwa hiyo aliondoka nayo kihalali kabisa, na wateja wa Juba na Bunia wanaopiga namba ile wanampata yeye. Kuna mteja wa miaka mitano sijamsikia tena. Halafu usiku mmoja dereva alizuiwa Malaba kwa sababu ya karatasi moja tu. Alipiga namba ya zamu mara saba. Simu ilikuwa imeisha chaji, mwenye zamu amelala. Gari lilisimama siku mbili, mwenye mzigo akalipia kusimama huko, nami nikaenda kumwomba radhi dukani kwake.

Ninachotaka ni namba moja ambayo ni mali ya ofisi. Iite Nakawa, asipopokea mtu iende Malaba, usiku imfuate mwenye zamu popote alipo. Ofisi zetu ziongee bila kununua dakika. Na maagizo ya wateja yarekodiwe, maana ugomvi wa "nilikwambia upitishie Elegu" umetuchosha.

Nimeletewa mapendekezo matatu. Wa kwanza anataka kufunga mashine ndani ya ofisi yetu pamoja na simu kumi za mezani. Wa pili anauza huduma ya mawinguni, yaani mfumo unakaa kwenye kompyuta zake (seva) nasi tunaufikia kwa intaneti; unalipa kila mwezi kwa kila mtumiaji, seva ziko Ulaya. Wa tatu ni kampuni inayotupa intaneti, anasema ataongeza simu juu ya faiba iliyopo. Kila mmoja anasema wenzake watanipotosha. Nisaidieni.

KijanaWaKikuubo

Dada, kwa nini ujitese? Weka WhatsApp ya biashara kwenye namba ya ofisi, wateja wote wako humo tayari. Mimi nauza jumla Kikuubo, sijawahi kununua simu ya mezani na mzigo unatoka kila siku.

Mzigo_Nakawa

Ndugu, nashukuru. WhatsApp tunayo na hatutaiacha, nyaraka nyingi zinapita huko. Lakini dereva wangu akiwa Elegu saa nane usiku hana bando, ana salio la shilingi mia tatu. Anapiga simu ya kawaida. Tena Julai 2018 hadi katikati ya 2021 tulikuwa tunalipa shilingi 200 kwa siku ili kuingia kwenye mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo, na kuna wateja waliokuwa hawalipi, basi hawapatikani. Siwezi kuuegemeza mlango mkuu wa ofisi kwenye kitu hicho peke yake.

Mama_Elegu

Dada Mzigo, nakuunga mkono. Sisi huku mpakani tunauza mafuta na vipuri. Tulinunua huduma ya mawinguni mwaka juzi, sitaitaja kampuni. Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Baadaye sauti ikaanza kukatika kila ikifika mchana, mteja anakuambia "unaongea kama uko ndani ya pipa". Tulilalamika, wao wakasema tatizo ni intaneti yenu, wa intaneti akasema tatizo ni wale wa simu. Tulizungushwa miezi minne, hatimaye tukarudi kwenye laini za mkononi. Kabla hujasaini, uliza sauti ikiharibika ni nani atakayekuja.

FundiWaya256

Habari zenu. Nimefunga simu hizi Kampala, Jinja na Mbarara kwa miaka kadhaa, nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu yaliyompata Mama Elegu nayaona kila mwezi, na mara nyingi yangeweza kuonekana kabla ya kulipa shilingi hata moja.

Dada, weka yale mapendekezo matatu kando kwanza. Jiulize siku mbaya itakuwaje. Umeme umekatika Nakawa saa nne asubuhi, mteja wa Juba anapiga, anasikia nini? Faiba imekatwa na watu wanaochimba barabara, anasikia nini? Intaneti ya nchi nzima imezimwa, kama ilivyokuwa kuanzia jioni ya tarehe 13 Januari 2021 hadi tarehe 18, siku tano hivi; anasikia nini? Siku nzuri mifumo yote mitatu inafanana. Siku mbaya ndiyo inayoitenga. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo matatu kwa kuchora kwenye karatasi, mshukuru umuage.

Sasa kuhusu sauti. Simu ya intaneti haihitaji kasi kubwa kama watu wanavyodhani. Kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya kawaida, G.711, inabeba kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha maandishi ya anwani yanayofungwa juu ya kila pakiti, yaani kila kifurushi kidogo cha data, inafika karibu 87 kila upande. G.729 inabana sauti hadi 8, na pamoja na anwani zake inakuwa kama 31. Kwa ofisi yako, simu nane kwa wakati mmoja kwa G.711 ni kama kilobiti 700 kwenda na 700 kurudi. Faiba yoyote inabeba. Kinachoua sauti ni mambo mengine matatu: pakiti kuchelewa, kufika kwa mwendo usio sawa, na kupotea njiani. Barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejua. Sauti ikichelewa nusu sekunde watu wawili wanaanza kuongea kwa pamoja, kila mmoja ananyamaza kumpisha mwenzake, kisha wanaanza tena pamoja.

Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Mafundi tunajiwekea pia kwamba pakiti zinazopotea zisifike asilimia moja, na kuyumba kwa mwendo kusizidi milisekunde 30. Hapo ndipo swali la seva za Ulaya linapoingia. Kijana wako wa Nakawa akimpigia wa Malaba, na sauti yote inapitia seva, basi maneno yanatoka Kampala, yanashuka pwani, yanavuka bahari hadi Ulaya, halafu yanarudi njia ileile hadi Malaba. Watu walio umbali wa saa chache kwa basi wanaongea kama mmoja yuko nchi ya mbali. Baadhi ya mifumo inaweza kuachia sauti ipite moja kwa moja kati ya simu mbili, lakini ukiwasha kurekodi, mara nyingi lazima irudi kwenye seva.

Kuna jambo la nyaya za baharini pia. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika siku moja, na Afrika Mashariki yote ilihisi. Aliyekuwa na seva ndani ya nchi, simu zake za ndani hazikuhitaji bahari. Uganda tuna kituo chetu cha kubadilishana intaneti, UIXP, tangu 2001, na kuna vituo vya data vya kukodi, kwa mfano Raxio kule Namanve. Kwa hiyo neno "mawinguni" halina maana ya Ulaya peke yake. Muulize yule muuzaji wa pili kama ana seva hapa au hata Nairobi.

Pima mwenyewe. Chukua kompyuta moja Nakawa na moja Malaba, ziache zipige ping, yaani zitume ujumbe mdogo na kupima unachukua muda gani kwenda na kurudi, kwenye seva ya kila muuzaji kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku ya kazi. Usipime Jumapili, Jumapili kila mtandao ni mzuri. Rudi na matokeo hapa tuyasome pamoja.

Mhasibu_Ntinda

Fundi amesema ya waya, mimi niseme ya daftari na ya sheria.

Bei ya kila mtumiaji kwa mwezi inaonekana ndogo hadi uizidishe kwa watu kumi na watano na miezi thelathini na sita, halafu ukumbuke kwamba inatozwa kwa dola. Shilingi ikiyumba, bajeti yako inayumba nayo. Mashine ya kufunga ofisini inauma siku ya kwanza, baadaye unalipia laini na dakika tu, na fundi akiitwa. Lakini usisahau kuwa data yenyewe ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na VAT ya asilimia 18. Muuzaji akikupa bei, muulize kama ni kabla au baada ya hayo. Nimeona ofisi tatu zikikosea hapo.

Swali la kurekodi lichukulie kwa uzito. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka umwambie mtu kwamba unachukua taarifa zake na kwa nini, na kuna Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ambako ofisi yako inapaswa kujisajili. Weka maneno machache mwanzoni mwa simu: "Simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuthibitisha maagizo." Amua pia rekodi zitakaa muda gani na ni nani anaruhusiwa kuzisikiliza. Ofisi nyingi zina rekodi za miaka kwenye kompyuta ya mapokezi bila neno la siri, na ndani yake kuna thamani ya mizigo ya watu na siku magari yanapoondoka. Mwizi akiipata hiyo hahitaji kingine.

Mutukula_Clearing

Mimi ni shabiki wa mawinguni na nataka niitetee kidogo. Fundi anaongea kama kila ofisi ina fundi. Sisi Mutukula tulikuwa na mashine ndani, ikaungua na radi, wiki mbili bila simu tukisubiri kipuri. Huduma ya mawinguni ofisi ikiungua, mtu anafungua programu kwenye simu yake ya mkononi nyumbani na namba ileile inaita. Hilo haliwezi kupuuzwa.

FundiWaya256

Kaka wa Mutukula umesema kweli, na radi huko kwenu naijua. Sina ugomvi na mawinguni. Kama seva iko karibu na mkataba unasomeka, kwa watu kumi na watano mimi mwenyewe naweza kuchagua hivyo. Nilichokataa ni kununua kwa jina.

Tena kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaisemi kwa sababu inapunguza mauzo. Programu ya kuendesha mfumo wa simu iitwayo Asterisk, ambayo imekuwepo tangu 1999 na ni ya bure, unaiweka kwenye seva ya kukodi hapa Kampala, na ofisini unaweka kisanduku kidogo tu cha laini za GSM, yaani laini za kawaida za simu ya mkononi. Mfumo mkuu hauungui na radi ya ofisini, na ofisi haibaki bubu intaneti ikizimwa. Ila inahitaji mtu anayeijua. Usimpe mpwa aliyesoma kwenye video mbili.

Hicho kisanduku cha laini nikieleze vizuri, maana kinaweza kukuokoa na kinaweza kukuingiza matatani. Ndani yake unaweka kadi za simu, tuseme mbili za MTN na mbili za Airtel, zote zimesajiliwa kwa jina la kampuni kwa cheti cha usajili, wala si kwa kitambulisho cha mfanyakazi. Mtu wa ofisini akipiga namba ya Airtel, simu inatokea kwenye laini ya Airtel. Intaneti ikifa, simu zinazoingia kwenye laini hizo bado zinaita ofisini kama kisanduku kinaweza kuunganisha simu za mezani chenyewe. Chagua chenye uwezo huo. Januari 2021 simu za kawaida za sauti ziliendelea wakati intaneti imezimwa, na ofisi zilizokuwa na njia hii ziliendelea kupokea wateja.

Hatari ni hii: ukiruhusu simu kutoka nchi za nje ziingie kwa intaneti na kutokea kwenye kadi zako kama simu za ndani, hiyo ndiyo simboksi. Ni kosa, na UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda) na mitandao wanaisaka. Hata kama ni "mteja wangu wa Dubai tu", usifanye. Kifaa chenyewe kiwe kimeidhinishwa na UCC, na uwaulize mitandao kwa maandishi kama laini hizo zinaruhusiwa kutumika hivyo.

Bodaboda_wa_Data

Swali dogo fundi. Ofisini kwetu simu inaita vizuri, tunaongea, halafu ikifika kama nusu dakika inakata yenyewe. Kila mara. Na wakati mwingine mimi namsikia mteja yeye hanisikii. Tumebadilisha simu mbili sasa.

FundiWaya256

Usibadilishe simu ya tatu. Ingia kwenye ruta, tafuta mahali palipoandikwa SIP ALG, uzime, uiwashe ruta upya. Ruta inajaribu "kusaidia" kwa kubadilisha anwani zilizo ndani ya ujumbe wa simu, inaziharibu. Sauti inatumwa mahali ambapo hapana mtu, ndiyo maana upande mmoja hausikii. Kukata kwenye nusu dakika ni kwa sababu upande mmoja unasubiri uthibitisho kwamba simu imepokelewa, haufiki, na kwa kanuni za SIP, lugha ambayo simu za intaneti hutumia kuanzisha mazungumzo, baada ya sekunde 32 unakata tamaa. Muda ukiwa uleule kila mara, tafuta kosa kwenye ruta.

Bodaboda_wa_Data

Imepona. Mungu akubariki kaka, nimehangaika tangu Pasaka.

Mhasibu_Ntinda

Mwingine aseme kuhusu wizi. Kuna ofisi niliyokagua hesabu zake, Ijumaa jioni wamefunga, Jumatatu wanafungua kuna deni la simu za nje linalozidi mishahara ya mwezi. Hakuna mtu aliyekuwa ofisini. Walibishana na mtoa laini kwa miezi, mwishowe wakalipa sehemu kubwa.

FundiWaya256

Huo ndio wizi wa kawaida kabisa wa simu za intaneti. Duniani kuna programu zinazopita usiku na mchana zikigonga kila anwani kwenye mlango namba 5060, ule unaotumiwa na simu za intaneti, kutafuta mfumo wa simu. Zikikuta ekstensheni (namba ya ndani ya simu moja) 101 yenye neno la siri 101, zimeingia. Wanapiga namba za nje zenye ada kubwa, ambazo wao wenyewe wanapata mgao.

Dada Mzigo, haya usiyaache mikononi mwa muuzaji, yasimamie mwenyewe siku ya kukabidhiwa. Funga simu za nje kabisa, halafu fungua nchi mnazopiga: Kenya, Tanzania, Kongo, Sudan Kusini, Rwanda, na nyingine kwa maombi. Laini iwe ya kulipia kabla, salio likiisha simu zinakoma, hasara ina mwisho. Neno la siri la kila ekstensheni liwe refu, la herufi za kubahatisha, na fundi asiyaandike kwenye karatasi ya ukutani. Mlango wa 5060 usiwe wazi kwa dunia nzima. Malaba na Elegu waingie kwa njia ya siri ya VPN.

Mzigo_Nakawa

Nimerudi. Nimepima siku nne kama alivyosema fundi, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi.

Nakawa kwenda seva ya Ulaya na kurudi ilikuwa milisekunde 170 asubuhi, mchana inafika 195. Nakawa kwenda seva ya Kampala ni 4, mchana 9. Malaba hatuna faiba, tunatumia modemu ya 4G: kwenda Kampala na kurudi ni 50 hivi asubuhi, lakini kati ya saa saba na saa kumi inapanda hadi 120 na pakiti kama tatu kwa kila mia hazifiki. Elegu ni nafuu kuliko Malaba, jambo ambalo sikulitarajia.

Kwa hesabu yangu, Nakawa hadi Malaba kupitia Ulaya ni kama 90 ya kwenda na 110 hivi ya kurudi hadi Malaba, halafu kuna muda wa simu zenyewe kukusanya na kupanga pakiti. Inazidi 200 kabla ya lolote. Nimempigia yule muuzaji wa pili nikamuuliza kama ana seva huku. Alisema wateja wake wote wanaridhika. Nikauliza tena. Akasema atanijibu, hajajibu.

Sasa Malaba nifanye nini?

FundiWaya256

Hesabu yako ni sahihi, na umepima vizuri kuliko mafundi wengine ninaowajua.

Malaba tatizo ni mnara kulemewa mchana, si umbali. Jaribu modemu ya mtandao mwingine kwa siku mbili kabla ya kufikiria jambo kubwa. Pili, tumia kodeki ya Opus au G.729 kwa ekstensheni za Malaba badala ya G.711, Opus hasa inavumilia pakiti kupotea kuliko nyingine. Tatu, modemu ya simu isiwe ileile wanayopakulia nyaraka za forodha. Mtu akipakia faili kubwa la skani, sauti inabanwa. Kama ni lazima zitumie njia moja, ruta ipange sauti itangulie.

Hata hivyo, wakubali kwamba kuna mchana ambao Malaba itakuwa mbaya. Kwa hiyo upange hivi: ekstensheni ya Malaba isipojibu ndani ya sekunde kumi na tano, simu itoke kwa laini ya GSM kwenda mkononi mwa kiongozi wa zamu. Unalipa dakika, lakini dereva amepokelewa.

Mama_Elegu

Na umeme je? Huku ukikatika ni saa nyingi.

FundiWaya256

Mama, asante, nilikuwa nimeruka. Simu za mezani zinunuliwe zile zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao kutoka kwenye swichi. Hapo huhitaji betri kwenye kila meza. Unalinda swichi, ruta, kifaa cha faiba na kisanduku cha laini, basi. Simu moja inakula kama wati 5. Simu kumi ni 50, vifaa vingine tuseme 60, jumla 110. Betri ya volti 12 yenye amperi-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200. Usiitumie zaidi ya nusu kama unataka ikae, kwa hiyo 600. Ukitoa kinachopotea kwenye inverta unabaki na zaidi ya saa nne na nusu. Tangu UEDCL, kampuni ya serikali, ichukue usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme mwezi Aprili 2025 watu wanabishana kama kumekuwa bora au la, mimi siingii huko. Mimi nahesabu betri.

Elegu watu wawili wasipewe simu za mezani. Wape programu kwenye simu zao na hedifoni nzuri, na kifaa kimoja cha 4G chenye betri yake.

Mutukula_Clearing

Dada, namba yenyewe iwe ya nani? Hili liulize kwa sauti kubwa. Sisi tulipohama mtoa huduma, namba ilibaki kwake. Mkataba ulisema tumekodishiwa. Magari kumi na mawili tulipaka rangi upya.

Mzigo_Nakawa

Kaka umenishtua, kwa sababu hilo ndilo lililonileta hapa. Nimesoma tena karatasi ya yule wa tatu, kampuni ya intaneti. Namba ya 0414 wanayotupa imeandikwa "ni mali ya mtoa huduma wakati wote". Nimewaandikia nikitaka waongeze kwamba tukiondoka watahamishia simu zake kwenye namba yetu mpya kwa miezi sita. Wamekubali miezi mitatu. Nimeona inatosha, lakini kwenye magari nitachapisha namba mbili, hiyo na moja ya mkononi iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, ambayo inakaa ndani ya kisanduku cha laini. Hiyo ya pili hakuna wa kutunyang'anya.

Mzigo_Nakawa

Wakuu, wiki sita baadaye, narudisha majibu kwa sababu mlinipa muda wenu.

Tulichochagua: laini kutoka kwa kampuni ya intaneti, maana waya wao unatoka kwetu hadi kwao moja kwa moja, mfumo wa Asterisk kwenye seva ya kukodi hapa Kampala, umefungwa na fundi tuliyempata kupitia watu wawili walioridhika naye, kisanduku cha laini nne Nakawa. Simu za mezani sita badala ya kumi, wengine wanatumia programu. Mapokezi mwanzoni walilalamika kuhusu hedifoni, sasa hawazivui.

Salamu za mwanzo tumerekodi kwa Kiswahili kwanza, kisha Kiganda, kisha Kiingereza. Yule muuzaji wa kwanza alishauri Kiingereza kitangulie "ili ionekane rasmi". Wateja wetu wa Bunia na Juba na madereva wote wanaongea Kiswahili, hata kama kila mmoja ana chake. Sauti ni ya dada yetu wa mapokezi, amezaliwa Tororo, anaongea polepole na anaeleweka. Madereva wanamwita kwa jina sasa hata kabla hajajitambulisha.

Malaba tulibadilisha mtandao, pakiti zinazopotea mchana zimeshuka chini ya moja kwa mia, isipokuwa siku za mvua kubwa. Jumatano iliyopita umeme ulikatika Nakawa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana. Betri ilibaki na kiasi. Siku hiyohiyo tulipokea simu sitini na moja, nimehesabu kwenye orodha ya mfumo.

Na usiku wa Ijumaa dereva alipiga kutoka Malaba saa tisa. Nakawa haikupokea, ikaenda Malaba, haikupokea, ikamwamsha mwenye zamu nyumbani kwake Kireka. Karatasi ilitumwa, gari likavuka kabla ya saa kumi na mbili.

KijanaWaKikuubo

Dada, hongera. Mimi nina maduka mawili na ghala Bweyogerere. Ninyi mmetumia kisanduku cha laini ngapi vile? Na ile namba ya mteja wako wa miaka mitano, alirudi?

Mzigo_Nakawa

Laini nne, ndugu, na kwa maduka mawili nadhani mbili zitakutosha, ila muulize fundi. Mteja nilimpigia mwenyewe kutoka namba mpya, nikamweleza yaliyotokea. Ana kontena mbili zinaingia Mombasa mwezi ujao, amesema atatuma nyaraka.

Fundi, Jumanne kijana wa Elegu anakuja Kampala. Nitampa kile kifaa cha 4G arudi nacho, naomba umwelekeze namna ya kukiweka karibu na dirisha.